Elena na nguo ya ukoo wa baba yake

Mpofi, siku ya ijumaa, mvua ikinyesha

Kwako Mama yangu mupenzi, huko Muheto,

Nakuamkia kwa mikono miwili, Mama, na naomba Fidele anayekusomea asome polepole, asiruke neno, hata pale atakapoona haya kusoma. Muguu wako wa kushoto unaendelea namna gani? Maharagi ilikomaa mbele ya ile mvua ya mawe, ao ilikufa yote? Hapa tulisikia tu kwa madereva wa kamio za mizigo kwamba upande wenu mashamba ililala chini. Sisi huku tunatembea. Bibi yangu Agata na watoto wetu wanakula, wanalala. Lakini kusema kwamba tuko wazima, hapana, siwezi kukudanganya wewe uliyenizaa.

Mama, nakuandikia juu ya Veronika. Najua ulikataza jina lake lisitajwe ndani ya nyumba yako, tangu alipomufuata yule Muzungu mpaka huku Mpofi, upande wa Walikale, bila hata mbuzi moja ya mahari kufika kwenu. Miaka nane nimetii. Barua zote nilizokutumia zilisema habari ya mashini yangu ya kushona, ya watoto wangu, ya mihogo, na dada yangu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, nikafanya kama hayuko duniani. Leo siwezi tena. Ukikasirika, unikasirikie mimi, lakini usimuambie Fidele akunje karatasi.

Yule Muzungu tulimuita Bwana Maki. Jina lake ni refu, linaanza na neno hilo "Mak", na yeye mwenyewe alitufundisha kama maana yake ni "mutoto wa", kwa sababu kwao watu wa ukoo moja wanajiita wote kwa jina la babu yao wa kwanza. Hakuwa Mubeleji. Kwao ni Skoti, inchi ya milima na ukungu. Alifika huku wakati wa vita ya Wazungu kutengeneza mashini za machimbo, vita ikaisha, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Yeye na Veronika walizaa mutoto moja, musichana, wakamuita Elena. Iko na miaka sita. Hujamuona, Mama. Alichukua paji la uso lako, na akifikiri anakunja mudomo kama wewe unapochagua mawe katika maharagi.

Mwaka huu Bwana Maki alishikwa na ugonjwa wa ini. Alikuwa muntu mukubwa wa kuinamisha kichwa mulangoni, akapungua mpaka saa ya mukono ilimupanda mpaka kwenye kiwiko. Munganga wa machimbo alimuambia arudi Ulaya. Yeye akasema Ulaya hana muntu, watu wake wako hapa.

Katika siku hizo za ugonjwa, ajenti wa Bulamatari, serikali ya Wabeleji, alipita akiandika watoto wote waliozaliwa na Wazungu kwa wanawake wetu. Unaijua ile desturi yao. Mutoto wa namna hiyo anatolewa kwa mama yake, anapelekwa kwa masista, anakomalia huko mpaka awe mukubwa, na mama hana neno la kusema. Walipofika kwa Elena waliandika kwamba baba hajulikani. Na baba alikuwa amekaa palepale kwenye kiti, anavuta tumbako yake, anawaangalia.

Karani moja wa teritware, ile ofisi ya serikali ya wilaya, muntu wa hapa Mpofi, alikuja kunishauri baadaye. Akasema kuna karatasi ambayo baba anaweza kwenda kutia sahihi mbele ya Bwana wa Teritware, kukubali kama mutoto ni wake, na mutoto aliye na baba haandikwi tena kati ya wale wasio na baba. Niliposikia hivyo nilikimbia kwa Bwana Maki kama muntu aliyeokota dawa. Yeye hakufurahi kama mimi. Alisema karatasi ya Bulamatari ni kisu chenye makali pande mbili: mutoto wa kijiji anaweza kufichwa, mwenye jina la Muzungu hafichiki tena. Mimi nikamusukuma, Mama. Siku tatu nilirudi kwake asubuhi na jioni, nikamuambia atakufa na kumuacha Elena bila jina. Ni mimi njo nilimusukuma. Nataka ujue hivyo kabla Fidele hajaendelea.

Alipokubali, akafungua sanduku yake ya bati, akatoa nguo ambayo sikuwa nimeiona hata siku moja. Wenyewe wanaiita kilti. Ni nguo ya wanaume, inafungwa kiunoni na kufika magotini, mbele imelala sawa, nyuma iko na mikunjo mingi sana. Ni ya manyoya ya kondoo, nzito kama blanketi ya posho ya machimbo, yenye miraba ya kijani na buluu, na mustari mwembamba mwekundu unapita katikati. Kila ukoo kwao iko na miraba yake. Muntu akikuona njiani anajua wewe ni wa nani mbele hujafungua kinywa. Akasema kama anaenda kutaja mutoto wake mbele ya serikali, hawezi kwenda na suruali ya machimbo. Ataenda kama baba yake angekwenda.

Lakini ilipofika kiunoni mwake ilianguka chini. Nilipima, nikakuta imemuzidi upana wa vitanga vyangu viwili. Mimi ni fundi, niliona kazi ni nyepesi, nikachukua makasi nitoe kile kilichozidi. Akanishika mukono. Kiganja chake kilikuwa na joto ya homa.

"Fundi, hii haikatwi," akaniambia. "Baba yangu alikuwa munene, babu yangu mwembamba, mimi nilikuwa katikati. Kila moja aliifungua, akaishona tena kwa mwili wake. Ukikata, unamukatia yule atakayekuja nyuma."

Basi nikaweka makasi, nikashika sindano. Mama, mimi nimeshona suruali za makarani, na kanzu za padiri, na nguo za harusi, lakini kazi kama hiyo sijawahi kuona. Nilipofungua kitambaa cha ndani nikaona matundu ya sindano za zamani, mistari mitatu, moja juu ya ingine, na kila mustari ulikuwa kiuno cha muntu. Mikunjo ni makumi mbili na saba. Imekunjwa kwa akili, sehemu inayojificha ndani inafanya miraba ya inje ikutane tena, unaweza kusema nguo haikukunjwa kabisa. Ukizidisha mukunjo moja peke yake, mistari inapotea njia. Nikafungua yote. Kila mukunjo nikauongeza urefu wa punje ya muchele pale kiunoni, nikaupunguza polepole kwa kushuka, mpaka ile nyongeza inakufa yenyewe mbele ya kufika kwenye nyonga.

Nilishona siku ine kwenye baraza yake, na yeye amekaa karibu, ananisimulia. Alisema zamani, wakati wa babu ya babu yake, wakubwa wa inchi waliwafukuza watu wa ukoo wake katika milima yao ili kondoo wapate majani. Nyumba zikachomwa moto watu wakiwa wamesimama inje wanaangalia. Nikamuuliza kama waliofukuzwa walikuwa Wazungu kama yeye. Akasema ndiyo, na waliofukuza pia, na wengine walikuwa wa ukoo moja nao. Nikamuambia basi hayo njo yalifanyika Kirolirwe, ndugu za Papa yetu walipotolewa ili ngombe za wageni zipate kulisha. Akasema anajua, alipita kule, akaona nyaya za miba mulimani, na alijisikia haya kwa sababu alitambua ile kazi.

Siku ya ine nilimuvalisha. Ilikuwa imelegea tena. Sikukosea kipimo, Mama. Ni yeye aliyeendelea kupungua wakati mimi nashona. Nikahamisha vifungo na kanda zake za ngozi, nikabana. Veronika alikuja na pasi ya makaa, akapiga mikunjo moja moja juu ya kitambaa chenye maji, na bwana yake alipotoka inje kwenye mwangaza, watu wa Mpofi waliacha kazi zao kumuangalia. Hakuna aliyecheka. Nilijisifu ndani ya moyo wangu. Nilifikiri: muntu aliyevaa hivi hawezi kukataliwa kitu.

Tulipanda kamio inayobeba mafuta ya ngazi, ya michikichi, sisi wane, mpaka biro ya serikali. Na kweli, Bwana wa Teritware alipomuona alisimama. Alimupa mukono, akasema aliona wanaume wenye nguo hiyo katika vita, akamupa kiti. Elena alikaa kwenye goti la baba yake. Waliandika, waliulizana majina ya wazazi mpaka ya babu, Bwana Maki akatia sahihi, muhuri ukapigwa. Mimi na Veronika tulikuwa tumesimama kwenye mulango. Veronika alinifinya mukono kwa furaha, kama vile tulipokuwa watoto.

Ndipo yule Bwana alifunga kitabu, akaanza kusema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama muntu anayesoma.

"Sasa huyu ni mutoto wa Muzungu kwa sheria. Mutoto wa Muzungu hakomalii kijijini kwa mwanamuke ambaye baba ya mutoto hakumuoa. Wewe uko mugonjwa. Siku utakayokufa, serikali njo itakuwa baba yake."

Bwana Maki akauliza kama anaweza kumuoa Veronika leo hii, pale pale. Akajibiwa kwamba inaweza kufanyika, lakini karatasi zitoke kwanza Skoti, ya kuzaliwa na ya kuonyesha kama hana bibi mwingine, na hiyo ni kazi ya miezi sita, pengine na zaidi. Bwana Maki akasema miezi sita hana. Yule Bwana akainamisha kichwa, akasema pole.

Katika kurudi, kamio ikitikisika, Elena alikuwa amelala juu ya ile mikunjo niliyoshona. Bwana Maki hakunilaumu. Ningependa anilaumu. Aliniambia tu, "Nimemutoa mutoto wangu kwa mukono wangu." Mimi nilijua mukono ni wa nani.

Akaishi wiki tatu. Veronika alitaka kumuchukua mutoto na kutoroka naye mbele baba hajakufa, apande kwa muguu mpaka Muheto. Alikuja nyumbani kwangu akiwa amekwisha kufunga muzigo. Nikamuambia kwa Mama huwezi kufika, Mama alifunga mulango, utamuweka mutoto wapi katika ile baridi, chini ya miti? Alirudi, akafungua muzigo. Mama, nilisema hivyo. Kama nilikudhania vibaya, unisamehe. Kama nilisema kweli, basi hiyo kweli njo iliyomushikisha Elena, na mimi na wewe tuibebe pamoja.

Siku mbili mbele ya kufa, Bwana Maki aliniita. Alisema nisimuzike na kilti, wafu hawasikii baridi. Nimushonee Elena, maana aliisha kufahamu watamupeleka kwenye baridi ya milimani. Nikamuuliza namna gani, nguo ya wanaume wazima kwa mutoto wa miaka sita, bila kukata. Akasema mimi ni fundi, nitajua. Nilipomaliza, yeye alikuwa hawezi tena kufungua macho, akaishika tu kwa vidole, akapita mukunjo kwa mukunjo. Tulimuzika nyuma ya nyumba yake. Katekista Yohana ndiye aliyesoma sala.

Nikueleze namna nilivyoishona, kwa sababu itakufaa. Niliizungusha kwa mutoto mara mbili, ikaanzia chini ya makwapa na kufika kwenye vifundo vya miguu. Juu nilitia kanda mbili za kupita mabegani. Mikunjo yote iko ndani, hakuna uzi uliokatwa. Akiongezeka mwaka huu, fundi yeyote anaweza kuifungua kidogo, na mwaka mwingine kidogo, mpaka awe mwanamuke.

Walikuja siku ya tano baada ya maziko, asubuhi, ajenti na mapolisi wawili katika motokari. Elena alikuwa anakula ndizi. Veronika alimuvalisha ile nguo mwenyewe, akamufunga kanda za mabegani, akamupangusa mudomo. Ajenti alitaka aivue, halafu akaona ni nzito na nzuri, akasema aiache, kule kuna baridi. Elena aliuliza kama wanaenda tena kwenye biro na kama Papa atakuja nyuma. Walipofunga mulango wa motokari mimi nikaushika, sijui nilifikiri nini. Nilishikilia mpaka walinipiga vidole kwa fimbo. Sasa walichukua kitabu changu cha kazi, na nimekatazwa kutoka Mpofi. Kila siku ya posho, mara moja kwa wiki, nijionyeshe kwa polisi. Veronika pia amekatazwa, jina lake limetumwa kwa masista ili asifunguliwe mulango.

Siku ile ya motokari, Veronika hakupiga kelele. Alifuata alama za magurudumu kwa muguu. Tulimukuta kwenye daraja la miti, amekaa katika matope, anaangalia tu ile alama mahali ilipoishia kwenye mbao. Tangu siku hiyo hajasema neno. Anakula kama Agata akimutia chakula mukononi. Wiki mbili sasa. Naogopa, Mama. Namufunga mulango kwa inje nikienda kushona, kwa sababu muto uko karibu. Nashona na sioni ninachoshona. Watu wananiletea nguo nifupishe, nipanue, nashika sindano, nasikia mukono wangu kama mukono wa muntu muovu.

Sasa sikia ninachokuomba. Karani alichungulia katika vitabu. Elena hayuko mbali nawe. Wamemuweka kwanza kwa masista wa milimani, kule unakopitia njia ya kushuka mutoni, siku moja ya muguu kutoka Muheto. Mbele ya Noeli watamuvusha pamoja na wengine ng'ambo ya ziwa, na wakimuvusha hatutamuona tena. Jina lako halikuandikwa mahali popote. Wewe ni mujane uliyebatizwa, uliyeolewa kanisani, padiri wa kwenu anakujua. Karani anasema sista mukubwa pengine anaweza kuchelewesha mutoto ambaye mama ya mama yake ni mukristu na anamuulizia. Alisema pengine. Mimi nimeshika hiyo pengine kwa meno, sina ingine.

Enda, Mama. Fidele akusindikize, atakodi watu wakubebe kwa kiti kama muguu unakataa. Utamukuta kati ya watoto wengi, lakini hakuna mwingine atakayekuwa na nguo ya miraba ya kijani inayofika miguuni. Hajui Kihunde chetu, umusemeshe kwa Kiswahili. Umuambie wewe njo Mama ya mama yake. Kwa desturi yetu sisi, muntu asiyetoa mbuzi hana mutoto, mutoto ni wa ukoo wa mama. Wewe mwenyewe ulilisema hilo kwa hasira siku Veronika alipoondoka. Basi liseme tena mbele ya masista, bila hasira. Na kama watakataa kabisa, akuone tu. Akuone kwa macho, ajue iko na watu wake.

Unisalimie kaka yetu mukubwa anayechunga ngombe Kirolirwe, umuambie asije huku, asipoteze kazi. Salamu kwa shangazi anayetengeneza vikapu, na kwa bibi ya Fidele na mutoto wao muchanga ambaye sijamuona. Salamu kwa padiri, aniombee. Barua hii inaletwa na Yohana katekista, umupe maji ya moto ya miguu, ametembea sana. Umurudishie yeye jibu kwa kinywa, usiandike.

Mimi mutoto wako asiyejua tena kulala,
Anzelmi, fundi wa nguo

Mama, nilikuwa nimekwisha kuandika jina langu. Veronika ameingia, akasimama nyuma yangu, akauliza ninamuandikia nani. Ni neno lake la kwanza. Nikamuambia, Mama. Akakaa chini kwenye mukeka, akakaa mpaka mvua ikakatika. Halafu akasema niandike hivi, na sikubadili kitu:

"Umuambie Mama nilikosa. Elena hakukosa. Akimukuta amelala na vidole vimekunjwa, asivifungue kwa nguvu. Atavifungua mwenyewe akisikia joto."